Kiingereza cha Kasuku

Nina neno lililonikaa moyoni tangu mavuno yaliyopita. Najua ya kuwa wako waalimu wenzangu watakaochukizwa nalo, na wako wazazi watakaoniuliza, "Wewe nawe, mbona wataka kuwafungia watoto wetu mlango?" Lakini jambo lenyewe si la kunyamaziwa, maana fedha za watu maskini zapotea, na zaidi ya fedha, watoto wetu wapotezwa.

Habari yenyewe ni hii. Mzee mmoja wa kijiji chetu huku Handeni ana kijana aliyemaliza masomo yake vizuri, akaahidiwa nafasi ya kusomeshwa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, kwa sharti moja: alete cheti cha mtihani wa Kiingereza. Mzee akauza ng'ombe wawili. Wa kwanza alikuwa wa ada ya mtihani na nauli ya kwenda Dar es Salaam. Wa pili alikuwa wa kumlipa mtu mmoja wa mjini aliyejitangaza kwamba afundisha mtihani huo kwa majuma manne, na kwamba kufaulu ni hakika.

Kijana akakaa kwake majuma manne. Hakufundishwa lugha. Alipewa daftari lenye insha 30 zilizokwisha kuandikwa, akaambiwa azishike zote kwa moyo, neno kwa neno, maana maswali, ati, ni yale yale. Akazishika. Nilimsikia kwa masikio yangu akizisema chini ya mwembe, hapunguzi neno wala haongezi. Siku ya mtihani likaja swali ambalo halikuwamo katika zile 30. Naye, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, akaandika ile iliyokaribia kufanana nalo. Alirudi na alama haba, nafasi ikampita, na ng'ombe hawakurudi zizini.

Je, yule mzee alisema nini? Hakumlaumu mtu wa mjini hata kidogo. Alimgeukia mwanawe mbele ya watu, akasema, "Kumbe wewe huna akili." Hilo ndilo lililonitia uchungu hata nikashika kalamu.

Nasema wazi, na anayetaka kunijibu na anijibu: kumkaririsha mtoto majibu ya mtihani wa Kiingereza si kumtayarisha, ni kumwibia. Na mwizi si yule wa mjini peke yake. Sisi waalimu tumo katika wizi huo, nanyi wazazi mmo.

Kwanza yafaa tujue mtihani wenyewe ni kitu gani, maana wengi wauogopa kama pepo wasiloliona. Mitihani ya namna hii iko kadha wa kadha. Ule wa Wamarekani uitwao TOEFL ulianza mwaka 1964. Ule uitwao IELTS, ambao ndio utakwao sana na vyuo vya Uingereza, ulianza mwaka 1989. IELTS una sehemu nne. Ya kwanza ni kusikiliza, dakika 30, maswali 40, na maneno husikika mara moja tu, hayarudiwi. Ya pili ni kusoma, dakika 60, maswali 40. Ya tatu ni kuandika, dakika 60, insha mbili, moja ya maneno yasiyopungua 150, nyingine yasiyopungua 250. Ya nne ni kuongea ana kwa ana na mtahini, dakika 11 hata 14. Alama ya juu kabisa ni 9, na vyuo vingi vyataka 6 au 6 na nusu. Cheti chake hutumika miaka miwili tu, kisha hakikubaliwi tena. Kwa hiyo anayekimbilia mtihani kabla hajawa tayari huenda akalipa mara mbili.

Sasa tazama. Katika sehemu hizo nne, daftari la insha 30 litakusaidia wapi? Je, waweza kukariri maneno ambayo hujayasikia bado? Waweza kukariri kitabu ambacho hujakisoma? Au waweza kukariri mazungumzo, na hali hujui mwenzako atakuuliza nini? Yabaki kuandika. Nako wenye mtihani huo wametangaza wazi katika kanuni zao za kutoa alama ya kwamba jibu likithibitika kuwa limekaririwa lote, alama yake ni sifuri. Basi yule kijana aliuziwa kwa thamani ya ng'ombe mzima kitu ambacho mtahini ameagizwa kukitupa.

Wala vita hii kati ya mtahini na kasuku si ya leo. Mtihani wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Cambridge wa kupima Kiingereza cha wageni ulifanywa mwaka 1913. Ulikuwa wa muda wa saa 12. Waliofanya walikuwa watu watatu tu, nao wote watatu wakaanguka. Nawaambieni habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, ili mtoto wenu akianguka msimwambie hana akili. Wale watatu nao wakaanguka. Ya pili, ili mwone ya kuwa tangu mwanzo wake mtihani wa lugha umekusudiwa kujua kitu kimoja: je, mtu huyu aweza kufikiri na kusema lililo lake katika lugha hii?

Nisidhaniwe kuwa nawacheka wengine. Mimi mwenyewe nalikuwa kasuku. Nilipoomba kuingia chuo cha ualimu, miaka mingi sasa, nalikuwa nimekariri insha za Kiingereza zaidi ya 20, na iliyonipendeza kupita zote ilikuwa ya safari ya treni. Siku ya kuulizwa maswali nikaketi mbele ya watu watatu. Mmoja akaniuliza kwa Kiingereza nimefikaje Korogwe. Mimi niliposikia neno moja la safari, nikafungua kinywa, na treni ikatoka: nikasema jinsi filimbi ilivyolia, jinsi nilivyoona twiga na tembo dirishani, jinsi abiria walivyoimba. Wale watu wakatazamana. Wakati ule hapakuwa na treni ya abiria katika reli ya Korogwe. Ilikuwa imekoma zamani. Nami nalikuwa nimekuja kwa baiskeli, na vumbi la Sindeni lilikuwa bado katika suruali yangu.

Wawili wakacheka. Wa tatu, mzee wa mvi, hakucheka. Akaniuliza polepole, kwa maneno mepesi ya Kiingereza, "Baba yako alima nini?" Nikanyamaza kitambo, maana katika insha zangu zote baba hakulima kitu. Kisha nikasema maneno matatu: mahindi, mihogo, machungwa. Yule mzee akasema, "Hayo matatu ndiyo Kiingereza chako. Hayo mengine yote ni ya mtu mwingine. Anzia hapo." Wakanipokea, nami nilijua ya kuwa nimepokewa kwa yale maneno matatu. Neno lile limenifaa kuliko vitabu vingi, na kama ningeliambiwa mapema ningelipunguza miaka ya taabu.

Sasa nije kwetu waalimu, nami nikiwa mmoja. Mtoto wa Kang'ata au wa Kwamsisi huenda aliongea Kizigua na bibi yake kabla ya kujua Kiswahili, kama vile wa Bungu na Vugiri alivyoongea Kisambaa. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili, na hilo ni jema. Kisha mtoto huyo aingia sekondari, apewa majuma machache ya kuzoezwa Kiingereza, na baada ya hapo aambiwa ajifunze kwacho hesabu, elimu ya viumbe, historia na mambo yote. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwa juma moja kandokando ya mto Pangani, kisha kumtupa katikati ya mkondo na kumpa mzigo wa mahindi kichwani.

Hili lajulikana zamani. Mwaka 1982 tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilishauri kwamba masomo ya sekondari nayo yafundishwe kwa Kiswahili. Ushauri huo haukufuatwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta ya kuwa katika wanafunzi kumi wa kidato cha nne ni kama mmoja tu aliyefikia kile kiwango ambacho mtu angetazamia masomo kwa Kiingereza yaanze. Yaani mahali ambapo safari ingepaswa kuanza, tisa katika kumi walikuwa hawajafika, na huku safari yenyewe inakwisha.

Na sisi tumefanya nini katika taabu hiyo? Twaandika maelezo ubaoni kwa Kiingereza, watoto wayanakili, kisha twafunga mlango na kuyaeleza kwa Kiswahili. Siku ya mtihani twawaambia, "Kumbukeni yale ya ubaoni." Huko ndiko kasuku alikoanguliwa. Yule mtu wa mjini hakuvumbua kitu. Alichukua desturi yetu, akaitia bei.

Tena liko jambo baya zaidi. Katika baadhi ya shule mtoto akikutwa asema Kiswahili uwanjani huvikwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amkute mwenzake aliyekosa vile vile. Nimeona kibao hicho, nami, Mungu anisamehe, niliwahi kukivika. Je, kilileta Kiingereza? Kilileta kimya. Watoto waliacha kusema Kiswahili, na Kiingereza hawakukisema, wakawa kama mabubu kutoka asubuhi hata kengele ya jioni. Mtu hajifunzi lugha kwa kuogopa kufungua kinywa. Sehemu ya nne ya mtihani ule, nilivyosema, ni kuongea. Nasi twalea watoto kunyamaza miaka minne, kisha twastaajabu wanapoketi mbele ya mtahini na jasho likawatiririka.

Kama mwataka kujua mtu mzima ajifunzavyo lugha ngeni hata ikawa yake, mfano tunao karibu. Mwaka 1864 Mwingereza aitwaye Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, naye hakuwa mtoto tena, alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 30. Hata mwaka 1870 alikuwa amekwisha kupiga chapa kitabu cha kufundisha Kiswahili, na mwaka ule ule kikatoka kingine cha hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Ndani yake imo hadithi ya kima na papa aliyetaka kumpeleka kwa sultani ili moyo wake uwe dawa, hadithi ambayo hata watoto wetu waijua. Je, angalieni alifanyaje. Alisikiliza hadithi. Aliketi na watu wanaojua, akasikia, akaandika alilolisikia, akauliza maana. Mzungu yule alijifunza lugha yetu kwa masikio, na kwa mambo ya watu wenyewe, na kwa miaka. Sisi twataka kujifunza lugha yake kwa daftari, na kwa mambo ya watu wengine, na kwa majuma manne.

Mfano wa pili ni Mwalimu Nyerere. Alisoma Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Kiingereza chake kilikuwa cha namna gani? Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar kwa Kiswahili. Kasuku hawezi kutafsiri. Kutafsiri ni kazi ya mtu aliyeelewa hapa, akaelewa na kule. Na angaliwezaje kama Kiswahili chake kingekuwa kibovu?

Basi nawajibu wapinzani wangu kabla hawajaandika. Wa kwanza atasema, "Fulani alikariri, akafaulu." Yamkini. Lakini mtihani ni lango tu, si nyumba. Ndani ya nyumba mwalimu wa chuo atasema saa nzima pasipo kupumzika, naye atataka ukurasa baada ya ukurasa wa mawazo yako. Aliyeingia kwa maneno ya kuazima atavaa nini humo ndani? Wako waliorudi kabla ya mwaka kwisha, na aibu yao ilikuwa kubwa kuliko ya aliyeanguka langoni.

Wa pili atasema, "Kiingereza chenyewe ni mzigo wa wakoloni, tukitupe." Sibishani naye hapa. Mimi napenda Kiswahili, na ningefurahi siku ile mtoto wa Korogwe atakaposoma udaktari kwa lugha ya mama yake wa Taifa. Wala si haki kwamba mtu afundishwe kwa Kiingereza sekondari yote, kisha aambiwe athibitishe tena kwamba akijua. Nayo serikali ya Uingereza katika orodha yake ya nchi zihesabiwazo kuwa za Kiingereza haikuitia Tanzania. Lakini maadamu mlango una kufuli hilo, kumpa mtoto ufunguo wa karatasi si kumpigania. Ni kumcheka.

Wa tatu atasema, "Muda ni mfupi, mtihani ni baada ya miezi miwili, tufanye nini?" Huyu nitamjibu kwa upole, maana swali lake ni la kweli. Kuujua mtihani si kukariri. Ni vema kabisa mtahiniwa ajue sehemu ni ngapi, dakika ngapi, maneno mangapi, na ajizoeze kwa karatasi za mfano huku saa iko mezani. Seremala naye huupima ubao kabla ya kuukata. Lakini miezi miwili humfaa mwenye lugha tayari, humwonyesha njia ya mlangoni. Asiye na lugha haimpi lugha. Huyo na aahirishe mtihani, atunze ada yake, ajenge kwanza.

Na kujenga ni hivi. Kwanza, mtoto asome Kiswahili hata akipende. Asiyeweza kueleza wazo lake kwa lugha aijuayo hataliweza kwa lugha asiyoijua. Pili, asome vitabu vyepesi vya hadithi vya Kiingereza, vyepesi kweli, asome kwa sauti nusu saa killa siku, hata kama mwalimu hayupo. Baada ya wale wataalamu wa 1984 uliletwa mradi wa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Nia ile ilikuwa njema, maana haba na haba hujaza kibaba. Shule yenye sanduku la vitabu vilivyofungiwa kwa hofu ya kuchakaa na ivunje kufuli leo. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Tatu, asikilize. Simu iliyo mfukoni mwa kijana yaweza kumletea habari za Kiingereza jioni. Asikilize mara moja, aandike alichoshika, kisha asikilize tena. Nne, aandike yaliyo yake: jinsi mama akaushavyo mihogo, jinsi mkonge ukatwavyo, kwa nini machungwa huoza njiani. Mwalimu asahihishe, asimcheke. Tano, aongee, akosee, aongee tena.

Ninyi wazazi, nawaomba mambo mawili. Mtu akija kuwauzia Kiingereza cha mwezi mmoja, mwulizeni, "Je, watoto wako wewe walijifunza kusema kwa mwezi mmoja?" Mkimaliza, rudisheni ng'ombe zizini. Na mtoto akianguka mtihani wa lugha ya watu, msimwambie hana akili. Akili yake mwaijua ninyi: ndiye anayewasomea barua, ndiye anayewahesabia mizani wakati wa kuuza mahindi.

Nanyi waalimu wenzangu wa Handeni na Korogwe, nanyi mnaofundisha waalimu katika vyuo vya wilaya hizi mbili, lawama iliyobaki ni yetu, tusiitupe mjini. Kesho asubuhi tuingie darasani, tuufute ubao, tumwulize mtoto mmoja swali jepesi ambalo jibu lake halimo kitabuni. Atanyamaza. Tumngoje. Akisema maneno matatu yaliyo yake, tuyapokee kwa heshima, tuanzie hapo.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kijijini,
Handeni.